Ayari si mchawi: Chandrakanta kati ya kitabu, televisheni na ngome ya Chunar



Siku moja mwenzetu mmoja, tuliyemaliza naye lisansi, alinikuta nimekaa na simu nasoma. Akauliza: "Unasoma nini hivi, ndugu?" Nikamwambia ni riwaya ya zamani ya Kihindi, ya wafalme, ngome na wapelelezi. Akacheka sana. "Aa, we! Ile ni mambo ya batoto. Mtu mwenye diploma anasomaka ile?" Nikanyamaza, juu sikuwa na jibu tayari. Sasa ninalo. Nimeona nilete hapa kwetu, juu swali lake si dogo: nani anaamua kwamba kitabu fulani ni cha watu waliosoma, na kingine ni cha kupitisha muda tu?

Riwaya yenyewe inaitwa Chandrakanta. Ilianza kutoka mwaka 1888. Mwandishi wake ni Devaki Nandan Khatri, aliyezaliwa Bihar mwaka 1861 na kufa mwaka 1913. Hakuwa profesa, hakuwa padri, hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa mfanyabiashara. Alipokuwa Benares, mji ambao leo tunauita Varanasi, alipata kandarasi ya misitu ya Chakia na Naugarh kutoka kwa mfalme wa Benares. Kazi yake ilimpeleka porini siku nyingi, na mule porini alizunguka kwenye mapango na ngome zilizobomoka. Kandarasi ilipokwisha, kichwa kilibaki kimejaa mambo aliyoyaona. Akaandika. Baadaye akafungua kiwanda chake cha uchapaji pale Benares, Lahari Press, akawa anachapa na kuuza vitabu vyake mwenyewe. Chandrakanta ilikuwa na sehemu nne. Watu wakataka zaidi, akaandika mwendelezo, Chandrakanta Santati, sehemu 24. Kisha akaanza hadithi nyingine tena, Bhootnath, kifo kikamkuta hajamaliza, na mtoto wake Durga Prasad akaimalizia. Hebu fikirieni mtu ambaye wasomaji wanamdai hadithi mpaka kaburini.

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Virendra Singh ni mtoto wa mfalme wa Naugarh. Chandrakanta ni binti wa mfalme wa Vijaygarh. Wanapendana. Katikati yao anaingia Kroor Singh, mtoto wa waziri wa Vijaygarh, ambaye anamtaka binti na anautaka ufalme pia. Anaposhindwa nyumbani, anakimbilia kwa Shivdutt, mfalme mwenye nguvu wa Chunargarh, anamchochea: njoo uchukue, binti ni mzuri, nchi ni dhaifu. Vita vinaanza hapo. Hii sisi tunaijua, sivyo? Mtu anakosa cheo kwao, anavuka mpaka, anarudi na jeshi la mwingine. Khatri ameandika hayo miaka zaidi ya 130 iliyopita, na hakuwa anatufikiria sisi.

Lakini wanaobeba kitabu si wapenzi hao wawili. Kusema kweli, Virendra na Chandrakanta wanalia sana na wanazimia sana, kuliko wanavyofanya kazi. Wanaobeba kitabu ni watu wanaoitwa aiyar. Aiyar ni mtumishi wa mfalme, mpelelezi, mtu wa kujigeuza. Anaweza kuvaa sura ya mzee, ya mwanamke, ya adui mwenyewe. Anatembea na mfuko wake, na ndani mna kamba ya kupandia ukuta, hanjari, rangi za kubadilisha uso, unga wa kumlaza mtu usingizi, na dawa ya kunusisha ya kumwamsha. Mkubwa wao ni Tej Singh, rafiki wa Virendra. Na upande wa Chandrakanta kuna Chapla, msichana anayefanya kazi hiyo hiyo na haogopi mtu.

Sasa simameni kidogo kwenye hilo neno. Aiyar limetoka Kiarabu, likapita Kiajemi na Kiurdu, likafika Kihindi. Na sisi tunalo! Fungueni kamusi ya Kiswahili, mtaona "ayari": mtu mjanja, laghai, tapeli. Ni neno lile lile. Na ufunguo wa pili wa kitabu, "tilism", nao tunao: talasimu, hirizi yenye maandishi ya siri. Lakini kwa Khatri, tilism si hirizi ya kuvaa shingoni. Ni jengo. Ni mahali ambapo wazee wa zamani walificha hazina, wakazungusha milango ya siri, sanamu zinazotembea, vyumba vinavyojifunga, ili asifike mwingine isipokuwa yule ambaye hazina iliwekwa kwa ajili yake. Chandrakanta na Chapla wanapotea ndani ya talasimu ya namna hiyo. Kuna ndege mkubwa wa jiwe pale. Ukimkaribia anafungua mdomo na kukumeza. Wasichana wote wawili wanamezwa hivyo, na kazi ya Virendra ni kuivunja talasimu yote mpaka awapate.

Msomaji anaanza kufikiri: basi, ni uchawi. Hapana. Hapa ndipo nilipokaa sawa na kuanza kukiheshimu kitabu. Yule ndege ni kitu kilichotengenezwa na mafundi. Sura ya adui ni rangi na ustadi. Usingizi wa ghafla ni unga ndani ya mfuko. Na katika mwendelezo, Khatri anazidi kufungua mashine za talasimu moja moja mbele ya macho yetu, kama fundi anayetoa injini nje ya gari. Kitu kinatisha mbele, kisha kinaelezwa. Hiyo ndiyo ahadi yake kwa msomaji: ukiwa na subira, utajua ilikuwaje.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Ndani ya kitabu kuna mtabiri, Jagannath, anayepiga ramli (neno lingine ambalo tunalo pamoja), na ramli yake inasemaka kweli. Hiyo Khatri hakuieleza. Mtu ni mtu wa wakati wake. Lakini ukihesabu, yanayoelezwa ni mengi kuliko yasiyoelezwa, na mashujaa wanashinda kwa kufikiri, si kwa kuomba miujiza.

Kuna jambo jingine. Katika utangulizi wake, Khatri anasema kwamba wafalme wa zamani waliwatunza maayari juu wakati falme mbili zinapogombana, maayari waliweza kumaliza vita kwa werevu, bila kumwaga damu wala kupoteza maisha ya askari. Na ndani ya hadithi wana sheria yao: ayari hamuui ayari mwenzake. Akikamatwa anafungwa, na kazi ya wenzake ni kumtoa. Sisi tuliokulia huku, ambao tumesikia milio ya risasi tukiwa bado sekondari, hatuwezi kusoma sentensi ile ya utangulizi halafu tufungue ukurasa unaofuata hivi hivi. Mimi nilifunga simu kwanza. Najua ni ndoto ya mwandishi, na ndani ya kitabu chenyewe majeshi yanapigana na watu wanakufa. Lakini ni ndoto yenye akili: kwamba thamani ya mtu mwerevu inapimwa kwa idadi ya wale ambao hawakulazimika kufa.

Sasa jiulizeni kwa nini neno moja, kwao limekuwa shujaa na kwetu limebaki mwizi. Kwetu werevu wa namna hiyo tunaujua kwa jina la Kifungu cha 15: jitafutie mwenyewe. Ukikosa njia, zungusha. Ukikosa karatasi, tengeneza. Tunacheka nacho, tunakiimba, lakini kila mmoja wetu ameshaliwa pesa na ayari wa Kifungu cha 15. Tofauti na Tej Singh si akili, juu wote wanayo. Tofauti ni kwamba Tej Singh ana watu anaowajibika kwao na mambo ambayo hawezi kufanya hata kama yangemfaa. Ukitoa hizo mbili, hata Tej Singh anakuwa mtu wa kumwogopa njiani usiku.

Turudi kwa swali la mwenzangu: je, hii ni fasihi? Wahindi wenyewe walikwisha kugombania swali hilo. Mhakiki mkubwa wa Kihindi, Ramchandra Shukla, katika historia yake ya fasihi iliyotoka mwaka 1929, alihukumu kwamba riwaya za Khatri ni matukio juu ya matukio, hazichimbi moyo wa mtu wala tabia yake, kwa hiyo haziingii katika daraja la fasihi. Lakini mhakiki huyo huyo, na hapo ndipo ninapompenda, alikubali kwamba hakuna mwandishi mwingine aliyeipatia lugha ya Kihindi wasomaji wengi kama Khatri.

Ili kuelewa uzito wa hilo, lazima kujua hali ya wakati ule. Mwaka 1888, katika jimbo lile, mahakamani waliandika Kiurdu kwa herufi za Kiajemi. Kihindi kwa herufi za Nagari kilikuwa bado kinatafuta kiti. Ruhusa ya kukitumia mahakamani ilikuja mwaka 1900. Watu wengi waliosoma hawakuzijua herufi za Nagari vizuri. Basi akaja huyu mtu wa misitu na hadithi iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, karibu na ile ya sokoni. Inasimuliwa mpaka leo kwamba wako watu waliojifunza herufi zile kwa sababu moja tu: kusoma Chandrakanta. Hakuna serikali iliyowalazimisha, hakuna mtihani. Walitaka kujua Chapla atatokaje mule ndani.

Mimi nasema Shukla ana haki nusu. Ni kweli wahusika wa Khatri ni wembamba. Mwovu ni mwovu tangu jina lake, juu "kroor" maana yake mkatili. Na kuna jambo ambalo Shukla hakulitilia uzito na mimi linaniuma zaidi: maayari wa Kroor Singh, Nazim na Ahmad, wana majina ya Kiislamu, wakati upande wa mashujaa ni Wahindu. Na hali mtindo wote wa kitabu, maayari, mfuko, talasimu, umetoka katika masimulizi ya Kiajemi na Kiurdu ya Amir Hamza. Tilism-e Hoshruba ilikuwa inachapwa Lucknow miaka ile ile ya 1880. Yaani Khatri amekopa nyumba nzima kwa jirani, kisha akamweka jirani upande wa wabaya. Anayekisoma leo, na anajua yale ambayo Wahindu na Waislamu wa nchi ile wametendana baadaye, hawezi kupita hapo akicheka.

Lakini nusu nyingine ya hukumu naikataa. Kumfanya mtu asiyesoma awe msomaji ni kazi ya fasihi. Bila wasomaji wa Khatri, waandishi wazito waliokuja baadaye wangemwandikia nani?

Tuje kwenye televisheni. Mwaka 1994 Nirja Guleri alileta Chandrakanta kwenye Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, Jumapili asubuhi. Iliendelea mpaka 1996, sehemu zaidi ya 130. Shikha Swaroop alikuwa binti mfalme, Shahbaz Khan alikuwa Virendra, Pankaj Dheer alikuwa Shivdutt. Humo pia yumo Irrfan Khan akiwa bado kijana, mbele dunia haijamjua, anacheza ayari Badrinath. Mwangalieni vizuri: wengine wanapiga kelele, yeye anaangalia tu, na wewe unamwogopa. Lakini aliyeiba televisheni yote ni Akhilendra Mishra kama Kroor Singh, na nyusi zake kubwa zilizopinda na neno lake "Yakku!" ambalo halina maana yoyote na watu hawakulisahau. Niliangalia vipande vyake kwenye simu bila kuelewa Kihindi, na Kroor Singh hakuhitaji tafsiri.

Nasifu hiyo, kisha nalaumu. Guleri alichukua majina na ngome, akaacha ile ahadi. Kadiri sehemu zilivyozidi, ndivyo walivyoingia viumbe wa ajabu, wanawake-nyoka na nguvu zisizoelezwa. Ayari aliyebadilika kwa rangi na subira ya saa nzima, sasa anabadilika kwa moshi mmoja wa kamera. Naelewa sababu: televisheni inakula hadithi kila wiki, na kitabu cha sehemu nne hakitoshi kuilisha. Hata hivyo kuna kitu kilichopotea. Mtoto aliyesoma kitabu alilala akijiuliza: "Ule mlango unafungukaje?" Mtoto aliyeangalia televisheni alilala akitamani kuwa na nguvu.

Wengine wakafuata. Mwaka 2011 ikaja Kahani Chandrakanta Ki kwenye Sahara One. Mwaka 2017 zikaja mbili kwa mpigo, moja kwenye Life OK akiwa na Kritika Kamra, nyingine kwenye Colors ya Ekta Kapoor akiwa na Madhurima Tuli. Hizi za mwisho picha zake zinang'aa, kompyuta imefanya kazi, nguo ni za harusi ya tajiri. Lakini ile ya Colors imekwenda kwenye uchawi moja kwa moja, hata aibu haina. Kati ya zote nachagua ile ya 1994 na kasoro zake, juu waigizaji wake angalau walikuwa wanafurahia ujanja.

Na ngome? Ipo. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Chunar ni mahali kweli, wilaya ya Mirzapur, Uttar Pradesh, karibu kilometa 40 kutoka Varanasi. Ngome imekaa juu ya mwamba, mto Ganga unapita chini yake. Jiwe la mchanga la Chunar ndilo walilochongea nguzo za mfalme Ashoka, pamoja na wale simba wa Sarnath ambao leo ni nembo ya taifa la India. Vijaygarh nayo ipo, magofu mlimani katika Sonbhadra, na Naugarh ipo Chandauli. Khatri hakubuni ramani. Aliikanyaga.

Aliyeshika Chunar alishika njia ya mto, ndiyo maana kila mkubwa aliitaka. Sher Shah aliipata kwa kumwoa mjane wa aliyekuwa na ngome, Lad Malika. Humayun aliizingira mwaka 1538 na ilimtesa miezi. Jauhar, mtumishi wa Humayun aliyeandika kumbukumbu, anasimulia kwamba mkuu wa mizinga, Rumi Khan, alimchapa viboko mtumwa wake mpaka alama zikaonekana, akamtuma ngomeni ajifanye amemkimbia bwana mkatili. Walinzi wakamhurumia, wakampokea, akapeleleza ulinzi wote, akarudi na habari. Mwaka 1781 Warren Hastings, gavana wa Waingereza, alikimbilia humo humo watu wa Benares walipomwinukia.

Na kuna hii, ambayo naipenda kuliko zote. Mwaka 1849 Waingereza walimfunga Chunar malkia Jind Kaur, mama wa mfalme mdogo wa Masinga wa Punjab. Walimwogopa mwanamke huyo. Usiku mmoja alivaa nguo za mtumishi, akatoka, akatembea mpaka Nepal. Hakukuwa na moshi wala nyoka. Nguo za mtumishi na moyo mgumu, basi. Miaka 12 baadaye Khatri akazaliwa. Siwezi kusema kwamba alimwandika Chapla kutoka kwa Jind Kaur, lakini nikisoma Chapla anatoka kifungoni kwa kujigeuza, sioni tena hadithi ya watoto. Naona jambo ambalo lilishatendeka katika ngome ile ile.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Kitabu kina udhaifu, nimeuonyesha. Lakini kimefanya mambo mawili ambayo sisi wenye diploma bado hatujafanya. Cha kwanza, kimetumia lugha ambayo watu wanaisemaka, na watu wakakifuata mpaka wakajifunza kusoma. Sisi memwari zetu ziko kwa Kifaransa kwenye makabati, na mama zetu waliouza unga ili tuziandike hawajui ndani mna nini. Cha pili, kimekataa kumwacha msomaji na neno "uchawi" tu. Kwetu biashara ya mtu ikianguka ni uchawi, mwanafunzi akifeli ni uchawi, daraja likivunjika kuna watakaokwambia kuna kitu chini ya maji. Khatri angeuliza: nani alilijenga, na saruji ilikwenda wapi?

Misitu tunayo. Magofu tunayo. Wajanja tunao wengi kupita kiasi. Aliyeko kati yenu mwenye daftari aanze kuandika, na aandike kwa lugha ambayo mama yake ataweza kumkosoa.